Kutoa Filamu Kwenye Riwaya ya Kale ya Kisayansi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kitabu Hadi Mswada

Wanaojaribu kugeuza riwaya za kale za kisayansi kuwa filamu hukwama mahali palepale. Mswada unafika kurasa 160. Theluthi ya kwanza ni wasomi wanaelezana jinsi mtambo unavyofanya kazi, na ajabu lenyewe linatokea mtazamaji ameshachoka. Ukimuuliza mwandishi, anajitetea: "Lakini kitabuni ndivyo ilivyo." Ndivyo ilivyo, kweli. Kitabuni.

Mwongozo huu unafuata kazi moja toka mwanzo hadi mwisho: The Invisible Man ya H. G. Wells, iliyotoka mwaka 1897. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, haki zake ziko huru, na imeshatolewa filamu kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, mwaka 1933 na mwaka 2020, hivyo tunaweza kuona nani alikata nini na alipata nini. Hatua ni zilezile hata kama kitabu chako kina roketi na sayari saba. Kama hujakisoma, kasome kwanza. Hapa chini mwisho wake nitautoboa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya kitabu unayoweza kuichafua kwa kalamu. Vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki vinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Chapisha karatasi, usifanyie kazi hii kwenye simu.
- Kalamu za rangi tatu: kijani, bluu, nyekundu.
- Kadi 80 hivi. Karatasi ya manila iliyokatwa vipande inatosha kabisa.
- Ukuta mtupu au meza kubwa ambayo hakuna mtu atakayeihitaji kwa wiki kadhaa.
- Programu ya kuandikia mswada. Trelby ni ya bure, Final Draft ni ya kulipia. Zote zinapanga ukurasa kwa namna ambayo ukurasa mmoja unakaribia dakika moja ya filamu.
- Kiasi cha juu cha pesa ambacho filamu haitakivuka. Hata kama ni cha kukisia, kiandike.
- Watu watatu wanaosoma vizuri kwa sauti, na ambao hawajakisoma kitabu.

Hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza, na ndilo litakalokuokoa kwenye Hatua ya 9.

## Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kukigusa kitabu

Fanya hili kabla ya kuandika hata neno moja, maana likiharibika hapa, kazi yote inayofuata ni bure.

Wells alifariki Agosti 13, 1946. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania zinahesabu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, kwa hiyo huku kazi zake ziko huru tangu Januari 1, 1997. Uingereza wanahesabu miaka 70, hivyo kule zilifunguka Januari 1, 2017. Marekani, kwa vitabu vya zamani vya namna hii, wanahesabu miaka 95 tangu kuchapishwa. Hesabu zote tatu zinakuhusu, kwa sababu filamu ikishapanda mtandaoni haina mpaka.

Mitego iko mitatu.

Filamu za awali zina haki zake. Kitabu kiko huru, lakini kilichoongezwa na filamu ya 1933 si chako. Dawa iitwayo monocaine inayomtia mtu wazimu haimo kitabuni. Mchumba aitwaye Flora hayumo. Ni hivyohivyo kwa Frankenstein: riwaya ni ya 1818, lakini kichwa bapa na boliti shingoni ni vya filamu ya studio ya Universal ya 1931. Usiitazame filamu yoyote iliyotangulia mpaka umemaliza Hatua ya 5.

Tafsiri nayo ina mwenyewe. Jules Verne alifariki 1905 na Kifaransa chake ni mali ya umma. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka miaka michache iliyopita si mali ya umma. Fanyia kazi matini asilia, au tafsiri ya kale iliyokwisha muda.

Kitabu "cha zamani" si lazima kiwe huru. Dune ya Frank Herbert ni ya 1965, na mwandishi alifariki 1986. Solaris ya Stanisław Lem ni ya 1961, naye alifariki 2006. Hapa unahitaji mkataba: unalipa kiasi kidogo ili mtu mwingine yeyote asiuziwe haki hizo kwa muda mliokubaliana, nawe katika muda huo unatafuta pesa za kununua kabisa. Usianze kuandika kwa ahadi ya mdomo.

*Umefaulu ukiwa na* ukurasa mmoja wenye jina la kitabu, mwaka wa kuchapishwa, mwaka wa kifo cha mwandishi, na toleo unalotumia. Ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, wakikuuliza, unautoa mfukoni.

## Hatua ya 2: Soma mara tatu, mara ya pili kwa rangi

Mara ya kwanza soma bila kalamu, mfululizo, kama msomaji wa kawaida. Ukimaliza funga kitabu na uandike picha zote unazozikumbuka. Usirudi kuchungulia. Picha zilizobaki kichwani ndizo zitakazobaki kwa mtazamaji. Usipozipata mswadani baadaye, ujue umepotea.

Mara ya pili pitia na rangi. Kijani kwa linaloonekana au kusikika. Bluu kwa linalosemwa na mhusika. Nyekundu kwa linalofikiriwa, kuelezwa au kufupishwa na msimulizi.

Ukifanya hivyo kwa The Invisible Man utaona jambo la kufurahisha. Sura za mwanzo ni kijani karibu tupu. Mgeni anashuka kutoka stesheni ya Bramblehurst siku ya baridi ya Februari, theluji inapiga, amejifunika mwili mzima, pua yake tu ya waridi inayong'aa ndiyo inayoonekana. Anapanga chumba kwenye nyumba ya wageni ya Coach and Horses, kijiji cha Iping, na Bi Hall mwenye nyumba anashindwa kumsoma. Mbwa anamrarua glavu na suruali. Mikokoteni inaleta chupa baada ya chupa. Yote yako nje, tayari kwa kamera.

Halafu unafika sura ya 19, na kuanzia hapo mpaka ya 23 Griffin, ndilo jina lake, anakaa nyumbani kwa Daktari Kemp na *kusimulia*. Mambo ni makubwa mno: paka aliyebaki macho mawili yakielea, nyumba iliyochomwa moto, mtu aliye uchi kwenye baridi ya London huku watoto wakifuata nyayo zake za matope. Lakini ni mtu mmoja ameketi anaongea na mwingine. Hapo ndipo filamu nyingi zinapofia, na sasa umeshajua pako wapi.

Mara ya tatu soma sehemu nyekundu peke yake.

## Hatua ya 3: Andika sheria za ajabu lako

Riwaya nzuri ya kisayansi ina uongo mmoja mkubwa, na mengine yote yanaufuata kwa uaminifu. Kazi yako ni kuuandika huo uongo kama sheria, pamoja na gharama zake. Za Wells ni hizi:

- Mwili hauonekani, nguo zinaonekana. Kwa hiyo kujificha kabisa maana yake ni kuwa uchi.
- Chakula kinaonekana tumboni mpaka kiyeyuke.
- Theluji, mvua, ukungu, vumbi na matope vinamchora.
- Kope zake nazo hazizuii mwanga, kwa hiyo hawezi kuifungia dunia macho.
- Mbwa wanamjua kwa harufu.

Tazama vizuri: kila sheria ni onyesho lililokwisha kujiandika. Nguvu hiyo inampa Griffin kitu kimoja na kumnyang'anya vitano. Waandishi wachanga huorodhesha uwezo wa shujaa. Orodhesha hasara zake.

Onyo la kwanza: usiongeze ajabu la pili. Asiyeonekana asianze kusoma mawazo ya watu.

Onyo la pili: usijaribu kurekebisha sayansi ya kitabu ndani ya mazungumzo. Ni kweli kwamba jicho lisiloonekana kabisa lisingeweza kuona, kwa sababu lazima kitu fulani nyuma ya jicho kiunase mwanga. Mtazamaji atakusamehe uongo huo mmoja ukiupita haraka. Ukiketi kuutetea kwa dakika tatu, ataanza kuuhoji. Ukitaka kubadilisha chanzo, badilisha kwa kitu kinachoonekana: filamu ya 2020 iliweka vazi lililojaa kamera ndogo, na mtazamaji anaelewa kwa kulitazama tu.

*Umefaulu ikiwa* sheria zinaenea nusu ukurasa na kila moja ina picha.

## Hatua ya 4: Amua nani anatazama

Ningekuwa na ruhusa ya kukufundisha hatua moja tu, ingekuwa hii.

Kitabu kinaweza kuruka kutoka kwa Bi Hall kwenda kwa kasisi, kwa mzururaji Marvel, kwa Daktari Kemp, bila msomaji kulalamika. Filamu ya dakika 90 inataka mtu mmoja wa kumshika mkono. Chukua tukio moja na ulijaribu kwa kila mhusika.

Ukimfuata Griffin, ni hadithi ya mwerevu anayeangamia kwa kiburi chake. Hivyo ndivyo alivyofanya mwongozaji James Whale mwaka 1933, naye Claude Rains akaibeba filamu kwa sauti, maana uso wake hauonekani mpaka dakika za mwisho.

Ukifuata kijiji, ni kichekesho kinachogeuka kuwa msako. Wells mwenyewe anaanzia huko.

Ukimfuata Marvel, mzururaji aliyelazimishwa kubeba vitabu vya siri vya mtu asiyemwona, una hadithi ya mtumwa na bwana. Mwishoni Marvel huyohuyo anamiliki baa na kuficha vile vitabu asivyoweza kuvisoma. Sijaona filamu iliyomfanya yeye ndiye kiini, na nadhani ni mali iliyolala.

Ukimfuata anayewindwa, unapata ya 2020. Mwongozaji Leigh Whannell alimweka mbele mwanamke aliyemtoroka mpenzi katili, na Asiyeonekana akawa kitisho pembeni. Uamuzi huo ulibadilisha hata kazi ya kamera: inageuka taratibu kutazama kona tupu, inakaa hapo, inarudi. Hakuna kitu. Mtazamaji anaogopa kiti. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 7, ndogo mno kwa studio za Hollywood, na sehemu kubwa ya hofu ile haikugharimu chochote.

Ukishaamua, jaza sentensi hii bila kuidanganya: *Filamu hii inamhusu ___, anayetaka ___, lakini kila anapokaribia, ___.* Kisha ibandike ukutani. Chochote kisichogusa sentensi hiyo ni mgombea wa kukatwa, hata kama ni sura uipendayo.

Angalia ukali wa waliofanikiwa. Blade Runner ya 1982 ilitoka kwenye riwaya ya Philip K. Dick ya 1968. Riwaya ina mke wa shujaa, ina dini nzima ya watu wanaoshirikiana maumivu kupitia mashine, ina jirani wanaoshindana kwa wanyama wa kufuga. Filamu ilitupa mke, ikatupa dini, wanyama ikawabakiza kidogo tu, ikashika swali moja: nani ni binadamu?

## Hatua ya 5: Kata kwa kadi

Sasa kila tukio liingie kwenye kadi yake. Mstari wa kwanza: nani anafanya nini. Mstari wa pili: nini kimebadilika baada ya hapo. Usipoweza kuandika mstari wa pili, hiyo kadi si onyesho. Ni taarifa.

The Invisible Man ina sura 28 na hitimisho. Zikitolewa zote zinazaa kadi sitini hivi. Kwa dakika 90 unahitaji arobaini, pengine pungufu. Zipunguze hivi:

Unganisha watu. Kijijini kuna daktari Cuss anayeona mkono wa koti usio na mkono ndani, na kuna kasisi Bunting anayeibiwa pesa usiku na mwizi asiyeonekana. Mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili, naye sasa ana sababu mbili za kuogopa.

Unganisha mahali. Kila mahali papya ni siku mpya ya kupiga picha.

Tafuta pa kuziweka zile sura tano za masimulizi. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuzionyesha kama kumbukumbu, zote kwa mkupuo. Ni rahisi, lakini filamu inasimama katikati kama gari lililoishiwa mafuta. Ya pili ni kuzivunja vipande na kuvitawanya: paka mwanzoni kabisa bila maelezo, nyayo za London katikati, moto karibu na mwisho. Ya tatu ni kuzitupa, umbakishe Griffin bila historia. Mimi huchagua ya pili. Ya tatu inafaa tu kama hatua yako ya 4 ilimchagua mtu mwingine.

Usikimbilie sauti ya msimulizi ili kuziba mashimo. Blade Runner ilitoka ikiwa nayo. Toleo la mwongozaji la 1992 likaiondoa, na filamu ikaeleweka bila hiyo. Na Dune ya 1984 iliwapa wahusika minong'ono ya mawazo yao ili kukibana kitabu kinene ndani ya filamu moja. Mwongozaji Denis Villeneuve alipokuja kukichukua kitabu hichohicho alikigawa mara mbili, 2021 na 2024, na watu wake wakapata nafasi ya kunyamaza. Kama kitabu hakiingii, tatizo si msimulizi. Chukua kipande kidogo zaidi.

*Umefaulu ikiwa* mtu asiyesoma kitabu anapita ukutani akisoma kadi kimyakimya, na anaweza kukusimulia hadithi bila wewe kumsaidia. Akikuuliza "Huyu Kemp katokea wapi?", kadi moja imekosekana.

## Hatua ya 6: Geuza maelezo kuwa tendo

Tuchukue onyesho maarufu la kitabu: Bi Hall anadai pesa yake, mgeni anakasirika na kujifunua mbele ya watu baa. Hivi ndivyo miswada mingi inavyoliandika:

> NDANI. BAA YA COACH AND HORSES – ASUBUHI
>
> GRIFFIN: Bi Hall, mimi ni mwanasayansi. Nimegundua namna ya kuufanya mwili upinde mwanga sawasawa na hewa. Ndiyo maana nimejifunga bendeji. Ukweli ni kwamba sionekani!
>
> BI HALL: Mungu wangu! Haiwezekani!

Kila kitu kimesemwa, hakuna kilichotokea. Sasa jaribu hivi:

> NDANI. BAA YA COACH AND HORSES – ASUBUHI
>
> Bi Hall nyuma ya kaunta, hesabu ya deni mkononi. Wazee watatu wameshusha vikombe.
>
> Mgeni yuko mlangoni: kofia, miwani ya bluu, bendeji hadi kidevuni.
>
> BI HALL: Pesa yangu kwanza. Halafu utanieleza ulitokaje chumbani bila kupita mlangoni.
>
> Mgeni anapiga mguu chini.
>
> MGENI: Hamnijui mimi.
>
> Anafunika uso kwa kiganja. Anakishusha. Anasogea hatua mbili na kumkabidhi Bi Hall kitu. Bi Hall anapokea bila kuangalia.
>
> Ni pua.
>
> Inamponyoka, inabingirika sakafuni, inasimama kwenye kiatu cha mzee mmoja. Mzee anaitazama. Anainua macho kumtazama mwenye pua.
>
> Tunabaki kwenye uso wa mzee. Sauti ya bendeji zikifunguliwa, mzunguko baada ya mzunguko.
>
> Viti vinaanguka.

Pua ni ya Wells. Ndiyo maana nakwambia picha zako za Hatua ya 2 zisipotee. Kubaki kwenye uso wa mzee ni uamuzi wa mwandishi wa mswada, na umeokoa pesa: onyesho zima linahitaji pua ya mpira na mtu anayejua kuogopa. Kijiji kilitarajia kovu, pengine uso ulioungua. Hakikutarajia kutokuwepo kitu.

Kanuni za kupitishia kila onyesho:

1. Zima sauti kichwani. Je, bado unajua kilichotokea?
2. Tafuta sentensi inayoeleza sayansi. Ifute. Onyesho likianguka, irudishe nusu.
3. Ingia umechelewa, toka mapema. Hatuhitaji kumwona Bi Hall akiandika hesabu.
4. Lugha ya karne ya 19 isihamie mdomoni mwa wahusika. Wakiongea kama barua ya serikali, mwigizaji wako hatakuwa na la kufanya.

Andika kwa wakati uliopo, kinachoonekana tu. "Griffin anakumbuka baba yake" haipigiki picha. "Griffin anahesabu noti zilizoandikwa jina la mtu mwingine" inapigika.

## Hatua ya 7: Amua zama na mahali

Unaweza kubaki Iping ya karne ya 19. Unaweza pia kuhama. The War of the Worlds, riwaya nyingine ya Wells, ilitokea Uingereza. Mchezo wa redio wa Orson Welles wa Oktoba 30, 1938 uliipeleka New Jersey, filamu ya 1953 ikaipeleka California, nayo haikuvunjika, kwa sababu kinachohitajika ni nchi inayojiona haiguswi.

Kwa hiyo jiulize mahali pa awali panafanya kazi gani. Iping inampa Griffin baridi, ili nguo nyingi zisishangaze, na ujirani wa watu wanaojuana, ili mgeni ashangaze. Ukihamia Njombe mwezi wa Julai, unapata vyote viwili, pamoja na ukungu wa kumchora. Ukihamia Kariakoo saa saba mchana, mtu mwenye koti, glavu na bendeji kichwani atakuwa na umati nyuma yake kabla hajavuka barabara. Filamu itakwisha dakika ya nne.

Hapa pia ndipo pa kushughulikia ubaguzi wa vitabu vya kale. Usijifanye haupo. Verne, kwenye riwaya yake ya 1863 kuhusu wiki tano ndani ya puto, anawarusha Waingereza wake kutoka Zanzibar. Wanapofika Kazeh, yaani Tabora, wenyeji wanalidhania puto ni mwezi na waliomo ni wana wa mwezi. Ukinakili hivyo utakuwa umerudia dharau iliyokwisha kuwapo. Ukigeuza kamera ikatazama kutoka chini, kwa mfanyabiashara wa msafara anayejua vizuri kwamba kile ni kitambaa na hewa, na anayehesabu kimyakimya faida ya kunyamaza, una filamu nyingine kabisa. Matukio yale yale, mtazamaji mwingine.

## Hatua ya 8: Pigia hesabu maajabu

Pitia mswada na uweke herufi kando ya kila ajabu.

A ni la bure: sauti, uigizaji, kona tupu, mlango unaojifunga.

B ni la mikono: uzi mwembamba wa kuvutia kikombe, mto wa kiti unaobonyea kwa kuvutwa kutoka chini, nyayo zinazotokea kwenye ubao uliotobolewa umbo la mguu na kufunikwa kwa udongo mwepesi, vifuniko vikivutwa kimoja baada ya kingine.

C ni la kompyuta au la kuunganisha picha.

Watu hudhani bila C hakuna filamu ya kisayansi. Mwaka 1933 John P. Fulton, fundi wa maajabu ya picha kwenye filamu ya Whale, alimvika mwigizaji mahameli meusi chini ya nguo, akampiga picha mbele ya mahameli meusi, kisha akaunganisha picha hiyo na ya chumba, nguo zikabaki zinatembea peke yake. Leo kazi hiyo inafanywa kwa kitambaa cha kijani na programu ya uhariri. La Jetée ya Chris Marker, ya 1962, ni safari ya wakati iliyosimuliwa karibu yote kwa picha mgando, dakika 28. Mwongozaji Jean-Luc Godard alipiga Alphaville mwaka 1965 katika mitaa na majengo ya kawaida ya Paris akayaita mji wa sayari nyingine. Na Wanuri Kahiu wa Kenya alihitaji kama dakika 20 tu kuijenga dunia isiyo na maji kwenye Pumzi, mwaka 2009.

Kwa filamu ya kwanza weka ukomo: C zisizidi tano, angalau mbili ziwe ndani ya dakika 15 za mwanzo, na moja iwe mwishoni mwa filamu. Wells anakupa ya mwisho bila kuomba. Griffin anapigwa na umati hadi anakufa, na mwili wake unaanza kuonekana taratibu pale chini. Pesa zako ziende hapo. Kama onyesho la C linaweza kushuka kuwa B bila kupoteza maana, lishushe leo, si siku ya kupiga picha.

Pesa zikiwa hazitoshi hata kwa hayo, chukua sura moja tu. Mtu uchi, asiyeonekana, kwenye jiji lenye baridi, anatafuta nguo. Hiyo ni filamu fupi kamili.

## Hatua ya 9: Usomaji wa sauti

Waite wale watu watatu. Wagawie wahusika, wewe soma maelezo ya matendo tu, bila kuigiza wala kufafanua. Weka saa kwenye simu, na kalamu mkononi.

Weka alama ya *mstari* kila msomaji anapojikwaa, maana sentensi hiyo haisemeki. Weka *duara* kila mtu anaposhika simu yake. Weka *nyota* anapouliza "halafu?". Usijibu maswali mpaka mwisho. Hata moja.

Wakimaliza, waombe wakueleze sheria za ajabu lako. Wakizitaja nne kati ya tano bila wewe kuwa umezieleza mahali popote kwa mazungumzo, Hatua ya 6 imefaulu. Waulize pia wanadhani filamu inamhusu nani. Wakitaja mtu tofauti na aliye kwenye sentensi yako ya ukutani, usirekebishe maneno. Rudi Hatua ya 4, pengine wao ndio wamemwona aliye sahihi.

Duara zikikusanyika ukurasa wa 30 hadi 45, ni maelezo ya sayansi yamejificha humo. Zikikusanyika kati ya 60 na 75, umekata kadi isivyostahili na shujaa hana anachokitaka tena.

Rekebisha, soma tena na watu wengine, halafu yape maonyesho namba na uache kugusa. Nakala hiyo yenye namba ndiyo utakayompa mtayarishaji atengeneze ratiba, na ndiyo utakayoambatisha unapoomba kibali cha kupiga picha, pamoja na ule ukurasa mmoja wa haki ulioandika Hatua ya 1.